Panzi wa Skavlan

Einar Sandvold alirusha ndege tangu ujana mpaka uzeeni, na hakuwahi kwenda juu. Kazi yake ilikuwa kupulizia dawa mashamba ya ngano na alizeti hapa kwetu Skavlan, Dakota ya Kaskazini, na kazi hiyo hufanywa magurudumu yakikaribia kugusa masuke. Alipita chini ya nyaya za umeme. Alipita kati ya ghala na miti akiwa ameilaza ndege ubavu. Wakulima walisimama mlangoni na vikombe vyao vya kahawa, roho juu, na akishatua walimwambia tu kwamba ameisahau kona ya mashariki. Huku kwetu hatumsifu mtu usoni, asije akaanza kujisikia.

Alipokuwa kijana aliomba kujiunga na jeshi la anga. Jicho lake la kushoto likamwangusha. Jambo hilo hakulizungumza, lakini kila ndege ya kivita ilipokatiza juu ya mji alisimama alipo, akatazama mpaka ule mstari mweupe ulipotawanyika.

"Wanakwenda juu hivyo," alikuwa akisema, "kwa sababu wanaogopa kugonga kitu."

Alikuwa na watoto wawili, Arlys na Verlyn, na mama yao alifariki mapema. Verlyn ndiye aliyepakatwa ndani ya ile ndege ya manjano yenye mabawa mawili mawili, kabla hata hajajua kufunga kamba za viatu. Iko asubuhi moja ambayo hawakuisahau wote wawili. Upepo haukuwapo kabisa. Ukungu ulikuwa umejaa mabondeni, umetulia tuli. Walikwenda kulipulizia shamba la Gunderson, na walipopanda kidogo ili wageuze, jua likachomoza chini ya bawa na ukungu wote ukawaka mpaka upeo wa macho. Einar akafunga bomba la dawa. Hakugeuza. Alikwenda moja kwa moja, akalipita shamba la Gunderson, akalipita na la jirani yake, mafuta yakiungua bure, naye hasemi neno. Waliporudi, Gunderson akauliza mbona shamba lake halijaguswa.

"Tulichelewa," Einar alijibu, na mambo yakaishia hapo.

Verlyn alipokua akaenda kuwa rubani wa jeshi la majini, ambako macho yake yalipita bila shida. Akajifunza kutua juu ya manowari usiku, bahari ikichafuka, jambo ambalo ukimsikia rubani yeyote akisema halimtishi, ujue anakudanganya. Huko kila rubani hupewa jina na wenzake. Halichaguliwi, wala halitokani na ushujaa. Linatokana na aibu, na ukishabandikwa umebandikwa mpaka kufa. La Verlyn lilipatikana siku ya mazoezi ya kuruka chini chini. Wenzake walielewa "chini" kwa namna ya watu wa kawaida. Yeye alielewa kwa namna ya baba yake, akarudi na bua zima la mhindi limenasa kwenye mlango wa gurudumu.

Mkuu wa kikosi alilichomoa bua lile akalishika kama fimbo.

"Sandvold, hiki ni kitu gani?"

"Mahindi, afande."

"Naona ni mahindi. Yamepandaje ndege yangu?"

"Nadhani mimi ndiye niliyeyashukia, afande."

Walimzuia kuruka kwa muda, wakamwita Panzi. Alipompigia simu baba yake kumweleza mkosi huo, mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Yalikuwa marefu?" Einar akauliza.

"Marefu, Baba."

"Basi hukushuka sana," mzee akasema, na Verlyn akamsikia akicheka mpaka akakohoa.

Kutoka hapo alichaguliwa kwenda shule ya marubani wa majaribio, kule Maryland. Hawa ni watu wanaopewa ndege ambayo bado hakuna anayejua itaua au haitaua, wakaambiwa wakaijaribu. Mwalimu wake aliitwa Dufresne, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, na alimrudishia ripoti yake ya kwanza ikiwa imejaa wino mwekundu.

"Umeandika ndege inavuta kidogo kulia. Kidogo ndiyo kiasi gani? Kidogo cha mama yako, au kidogo cha mama yangu?"

"Kidogo tu, bwana. Unaihisi mkononi."

"Mhandisi hana mkono wako. Mhandisi ana namba. Mpe namba." Dufresne akavuta kiti akakaa karibu naye. "Nilikuwa na rafiki. Ndege ilimgeuka, akasema redioni, 'Ni mbaya sana.' Basi. Ndiyo maneno aliyotuachia. Mbaya wapi, mbaya vipi, hatukujua. Tukampa mwingine ndege ya aina ile ile, nayo ikamuua vile vile. Ukitaka kushangaa, Panzi, kashangae nyumbani kwako. Ukiwa angani, soma saa zako za vipimo, sema unachokisoma, na useme kwa sauti ya mtu anayeagiza kahawa."

Verlyn aliyameza maneno yale, yakakaa. Hakuna aliyejifunza somo hilo vizuri kuliko yeye. Miaka michache baadaye ndege ilimshinda, ikaanza kuzunguka kama pia huku ikianguka, na sauti yake ilirekodiwa. Ninavyosikia bado wanawasikilizisha wanafunzi. Anasikika akisema futi elfu thelathini, inazunguka kushoto. Futi elfu ishirini, usukani kulia mpaka mwisho, hakuna mabadiliko. Futi elfu kumi na mbili, bado inazunguka, najaribu kufungua parachuti ya mkia. Halafu, kwa sauti ile ile, imesimama, narudi nyumbani. Wahandisi walijua mpaka sekunde nini kimeharibika, na ndege ile haikumuua mtu. Mkewe, Noreen, alisikilizishwa siku moja kwenye sherehe. Watu wote walipiga makofi. Yeye alikuwa akilia.

"Hiyo ndiyo sauti aliyoniposea," alisema.

Na kila baada ya ndege mpya, simu iliita kule Skavlan, na Einar aliuliza swali moja lile lile.

"Ilikuwaje?"

"Futi elfu hamsini, Baba. Mwendo wa sauti mara mbili na kidogo."

"Nimekuuliza ilikuwaje. Sijauliza bei."

Verlyn alicheka, akazungumzia mambo mengine. Hakuwa akimficha baba yake. Alikuwa akitafuta kichwani akakuta namba, zimepangwa vizuri, na nyuma ya namba hakuna kitu anachoweza kukitamka.

Alipochaguliwa kuwa mwanaanga, mji mzima ulijifanya haukushtuka. Mgahawani walibandika picha yake karibu na tangazo la mbolea. Akahamia Houston na kuanza kusubiri, maana kazi ya mwanaanga, tofauti na watu wanavyodhani, ni kusubiri. Alisubiri akiwa amezama kwenye bwawa kubwa na suti yake nzito, alisubiri akijifunza Kirusi, alisubiri akiwabebea mabegi wenzake waliotangulizwa. Miaka ikapita. Nywele zikaanza kumtoka. Na kwa muda huo huo, kule Skavlan, macho ya Einar yalikuwa yakifa kuanzia katikati. Kwanza alipoteza maandishi, kisha nyuso. Mwishowe, ndege ikipita juu, aliinua kichwa kwa mazoea tu, akageuza sikio. Zamu ya Verlyn ilipofika, ya kwenda kukaa nusu mwaka kwenye kituo cha anga, baba yake alikuwa haoni kitu.

Watu hawa wanayo desturi yao. Kabla ya kurushwa, wanaanga hutengwa wasipate mafua, na jamaa zao huletwa kuwaaga kule Florida wakiwa ng'ambo ya mtaro. Wanaanga upande huu, jamaa upande ule, mtaro katikati, na hakuna kugusana. Watu hupunga mikono mpaka mabega yakauma. Siku hiyo Noreen alipunga, Arlys alipunga, na Einar alisimama kati yao na koti lake la kanisani, mikono mifukoni, akitazama pembeni pasipo na mtu.

"Baba!" Verlyn alipaza sauti. "Niko huku!"

Mzee akageuka. "Punguza kelele. Mimi sioni, siyo kwamba sisikii."

Watu wakacheka pande zote mbili. Einar akasogea mpaka Arlys alipomkamata mkono, asije akatumbukia.

"Verlyn! Arlys anasema huko kuna simu."

"Ipo, Baba."

"Daktari anausikiliza moyo wangu kama mtu anayesikiliza injini aliyokwisha kuamua haifai kununuliwa. Kwa hiyo nakuambia sasa. Ukifika, nipigie uniambie pakoje. Nimekaa maisha yangu yote chini, nikitazama wengine wakienda. Sasa hata kutazama siwezi. Mimi huko nitapaona kwa mdomo wako tu, hakuna njia nyingine. Na usiniletee namba."

"Nitakuambia, Baba."

"Umeahidi mbele ya watu," mzee akasema, akarudisha mikono mifukoni.

Kesho yake chombo kiliondoka. Arlys anasimulia kwamba mwanga ulikuja kwanza bila sauti, mweupe, usiotazamika. Halafu sauti ikavuka maji ikawafikia, na hiyo haikupita masikioni, ilipita kifuani, meno yakagongana, vioo vya magari vikatetemeka. Watu wazima walikuwa wakipiga kelele bila kujijua. Einar alivua kofia. Alisimama kichwa wazi, machozi yakimtiririka kwenye macho yake yasiyoona, na mkono mmoja ameubandika kifuani kuzuia kitu kisitoke. Mpaka sauti ilipokwisha kabisa, na hata baadaye, hakutaka kuirudisha kofia.

Verlyn alipiga simu wiki ya kwanza. Ukizungumza kutoka huko, neno huchukua muda kufika na jibu huchukua muda kurudi, na mara nyingine laini hukatika tu. Alimwambia baba yake kwamba amelala vizuri, kwamba chakula kinaelea, kwamba wanaizunguka dunia mara kumi na sita kwa siku.

"Naam," Einar akasema. "Na pakoje?"

"Ni juu sana, Baba."

"Juu sana." Mzee alingoja. "Haya. Kazi njema."

Alipiga tena, mambo yakawa yale yale, ila safari hii mzee hakuuliza. Hilo lilimuuma zaidi. Kila alipopata nafasi alikwenda kwenye dirisha kubwa lililoko chini ya kituo, akaning'inia hapo bila uzito, akatazama. Alijaribu kukisema alichokiona kwa sauti, peke yake, na kilichomtoka kilikuwa maili, nyuzi na mwendo. Mwanamume aliyeanguka futi elfu kumi na nane bila sauti kutetemeka alianza kuogopa simu ya jikoni kwa baba yake.

Kisha Arlys akamtumia ujumbe. Baba alianguka bafuni, wakampeleka hospitali, akakataa kubaki huko. Sasa yuko nyumbani. Hataki kula chochote zaidi ya kahawa na kipande cha chapati ya viazi. "Hajasema anasubiri nini," Arlys aliandika, "lakini kiti chake amekisogeza karibu na simu, na anakaa hapo tangu kabla ya mapambazuko. Ukiweza, usikawie."

Jumapili asubuhi, kituo kikija kuikatiza Dakota, Verlyn alivaa vipokea sauti, akaelea mpaka dirishani, akapiga. Mlio mmoja tu ukatosha.

"Baba."

"Nani?"

"Mimi. Panzi."

"Panzi." Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyelala. "Uko wapi?"

"Niko dirishani."

"Kuna nini dirishani?"

"Tuko maili mia mbili na..."

"Verlyn."

"Naam, Baba."

"Ziweke chini hizo namba, mwanangu. Nimechoka."

Arlys, aliyekuwa ameegemea sinki akisikiliza kwenye spika ya simu, alidhani laini imekatika. Haikuwa imekatika. Kule juu Verlyn alikuwa ameshika chuma cha dirisha kwa mikono miwili, na chini yake giza lilikuwa linaanza kupasuka kwa mbali.

"Baba, unaikumbuka ile asubuhi ya Gunderson?"

Neno likaenda, jibu likachukua muda wake kurudi.

"Ile tuliyochelewa."

"Hatukuchelewa, Baba."

"Najua hatukuchelewa. Nani alikuwa anaendesha?"

"Basi ni ile. Ni ile ile, Baba, ila huku hakuna kugeuza. Jua linachomoza chini yangu. Linaanza uzi mwembamba, wa buluu, halafu unaona linafurika, linajaa kila mahali. Ukungu upo. Umelala mabondeni kwetu, nauona. Mto Missouri unawaka. Sioni nyaya, sioni ua hata mmoja. Nimelitafuta shamba la Gunderson, sioni linapoanzia wala linapoishia. Ni kitu kimoja chote, Baba, na kinapumua. Naogopa. Sijawahi kumwambia mtu, lakini naogopa, na sitaki kuondoka hapa."

"Endelea," Einar akasema. Alikuwa amekaa wima. Arlys anasema aliona rangi ikimrudi usoni.

"Na hewa, Baba. Mimi nilidhani hewa ni nyingi. Ukitazama pale ukingoni, hewa yote ya dunia ni utando. Unakumbuka maziwa yakichemka yakapoa, ule utando wa juu? Ndio huo. Mawingu yamo humo. Radi zimo humo. Zile siku zote nilizokupigia nikajiona nimekwenda juu kuliko watu wote, nilikuwa humo humo kwenye utando. Na wewe ulikuwa humo, na mapipa yako ya dawa. Nikitazama kutoka huku hatukupishana, Baba. Hata unene wa ukucha."

Safari hii kimya kilirefuka kupita ule muda wa maneno kusafiri. Verlyn akafumba macho. Kisha akasikia kitu kikikwaruza, akadhani ni laini inaharibika, na kumbe ni baba yake anacheka.

"Kwa hiyo wote," mzee akasema.

"Wote, Baba."

"Na wale mabwana wa jeshi la anga?"

"Hao pia."

"Wote tulikuwa tunaruka chini chini tu."

"Chini kabisa. Tunagusa masuke."

"Arlys!" Einar akaita, na alikuwa na sauti yake ya zamani, ile ya kushindana na injini. "Umemsikia mdogo wako? Niletee kofia yangu. Na hiyo chapati, ipake siagi, mnanilisha kama ndege." Akapumua, akacheka tena kidogo, halafu akatulia. "Nimepaona, mwanangu," akasema. "Nimepaona vizuri sana."

Verlyn aliegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Upo?"

"Nipo."

"Haya, sasa zilete hizo namba zako. Juu kiasi gani, mwendo kiasi gani. Nataka niwapelekee wale wa mgahawani, wao hawaamini kitu bila namba."

Verlyn akageukia saa zake, zile alizozisoma maisha yake yote, alizozisoma hata akianguka. Kule juu chozi halidondoki. Linabaki jichoni lilipotokea, linaongezeka, mpaka mtu anatazama kila kitu akiwa ndani ya maji. Akapangusa, likajaa tena.

"Ngoja kidogo, Baba," alisema. "Sizioni."